Chaji ya Nanyala

Shemeji yangu Lusubilo, niliyemwolea dada yake, alitoka Tunduma Jumamosi asubuhi akiendesha gari lake jipya la umeme. Nilikaa pembeni yake. Tulikuwa tunakwenda Iringa harusini, na njiani tungechaji Nanyala, kwenye kituo kilichojengwa juu ya kiwanja alichokiuza mwenyewe.

Kiwanja kile kilikuwa cha marehemu kaka yake. Mjane, Tukuswiga, alipiga magoti kuomba kisiguswe, kwa kuwa mwanawe Ambwene amezikwa pale. Lusubilo akawaambia wanunuzi hakuna kaburi. Greda likasawazisha. Udongo ukapakiwa kwenye malori, ukaenda kumwagwa kusikojulikana. Tukuswiga hakulia. Alimwambia Lusubilo tu, "Mwanangu utamtafuta wewe."

Tulikuta gari jingine linachaji. Likajaa, likaondoka. Lusubilo akachomeka waya, tukakaa ndani tukipiga soga. Kioo cha dashibodi kilionyesha chaji asilimia arobaini. Nilipotazama tena, thelathini.

"Inashuka," nikamwambia.

Akasema mtambo umekosea. Ishirini. Akataka kushuka achomoe, mlango ukagoma. Nikajaribu wangu. Nao ukagoma. Kumi. Nje jua lilikuwa kali, watu wakinunua mahindi ya kuchoma. Ndani, pumzi zetu zilikuwa zikitoa mvuke.

Kisha harufu. Udongo mbichi, kama umechimbwa sasa hivi.

Kitu kikagonga. Si dirishani. Chini, sakafuni, miguuni pa Lusubilo. Kiligonga taratibu, kama mtoto anayeogopa kuamsha watu.

"Baba mdogo," sauti ikanong'ona. "Mmenipeleka wapi?"

Lusubilo akafungua mdomo ajibu. Halikutoka neno. Ulitoka udongo.

Sifuri.

Milango ikafunguka yenyewe. Mimi nilianguka nje. Yeye alitoka akitambaa mpaka ukingo wa barabara, akaanza kufukua kwa kucha.

Hajasema neno tangu siku ile. Akiona lundo la udongo popote, Nanyala hata Ndalambo, hulifukua mpaka vidole vitoke damu. Tukuswiga humpita akienda shambani. Hamtazami.

Gari lilivutwa hadi Tunduma. Fundi alipofungua betri, iliyokuwa haijaguswa tangu itoke kiwandani, alikuta ndani yake jino moja la utotoni, jeupe, lina udongo kwenye mzizi.

Nililipeleka mwenyewe kwa Tukuswiga. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini,

"Mengine yako wapi?"