Rangi ya Lango Kwenye Injini ya Yuma

Yuma ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa Majengo, mjini Goma. Alitaka kumuoa Nasiba, na wazee wake walikuwa karibu kwenda kwa akina Nasiba kupanga mahari. Basi Mama Aziza, mama yake Nasiba, akamuomba ampeleke sokoni. Mkwe apande pikipiki yako! Heshima iliyoje!

Lakini injini ilikuwa na kutu. Yuma akachukua rangi ya fedha iliyobaki walipopaka lango la nyumbani. Akaipaka injini, nzito kama uji. Ikakauka, ikang'aa, jamani!

Siku ya safari, njiani, akasikia harufu ya kuungua. Moshi ukapanda miguuni. Alijua kwamba inafaa asimame. Lakini amsimamishe mkwe mbele ya watu wote wale? Haya ikamfunga mdomo. Akakaza mwendo. Mama Aziza akakohoa, akaziba pua kwa kitenge. Kwenye mlima injini ikazima.

"Motari, unachoma mama wa batu!" vijana wakapiga kelele.

Mama Aziza akashuka, akaenda kwa miguu. Yuma akasukuma pikipiki, kichwa chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Jioni habari ikafika kutoka kwa akina Nasiba: wazee wangoje kwanza.

Jirani yake Viateur, fundi wa pikipiki, alipoiona injini akashika kichwa.

"Yuma, nani amekuloga? Injini hii haina maji ya kuipoza. Inapozwa na upepo tu. Haya mabati membamba kwenye silinda ndiyo yanatoa joto. Weye umeyavalisha koti, na nafasi zake umeziba!"

"Nilitaka ing'ae."

"Rangi ya lango inaungua. Tafuta rangi ya injini, yenye kuvumilia joto. Soma kopo. Kwa silinda, degré mia tatu. Kwa bomba la moshi, mia sita ao zaidi, kwani kule joto ni kali sana."

Injini ikiwa baridi, wakakwangua rangi yote kwa brosi ya chuma. Wakafuta mafuta mpaka ikawa safi. Kisha Yuma akapaka rangi mpya nyeusi.

"Nyembamba!" Viateur akafoka. "Ngoja ikauke, ndipo uongeze ingine."

Ilipokauka, wakawasha injini kidogo, wakaiacha ipoe, wakawasha tena kwa muda mrefu zaidi. Rangi ile huiva kwa joto.

Yuma akaenda kwa Mama Aziza kuomba msamaha.

"Kitenge nimeshafua," Mama Aziza akasema. "Lakini ulisikia harufu?"

"Nilisikia, mama."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Basi siku mutoto wangu atagonjwa kwako, utanyamaza tena juu ya kuona haya?"

Machozi yakamlenga Yuma. Akasema polepole, "Naomba nikupeleke tena, mama."

Mama Aziza akamtazama, akakubali.

Siku ya safari hiyo ya pili injini ilivuta vizuri, hata mlima ikaupanda. Karibu na soko, Yuma akasikia moshi. Watu walijaa pande zote. Akasimama palepale.

"Mama, nasikia moshi. Shuka kwanza, niangalie."

Akapiga magoti, akachungulia. Injini ilikuwa salama. Pembeni, mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi! Watu wakacheka, Yuma akaona haya mpaka masikioni.

Mama Aziza naye akacheka. Akanunua mahindi mawili, akampa moja.

"Kula, mwanangu," akasema. "Na uambie wazee wako waje."