Mapigo Mia Moja na Arobaini na Nne

Jumanne saa nne na dakika ishirini asubuhi, kikokotoo kilichora grafu kabla mwalimu hajamaliza kuandika mlinganyo. Alikuwa kwenye karakana ya kaka yake, fundi wa vifaa vya umeme, na kidole chake kilikuwa bado hewani.

"Kimekisia," alisema.

"Mashine haikisii, dada. Ulitaka mwendo, nimekupa mwendo. Zamani ulikuwa unamaliza chai ukisubiri mstari mmoja."

"Na wewe umekaa nacho wiki mbili kubadilisha kitu cha ukubwa wa punje ya mtama."

Punje hiyo ilikuwa kapasita inayopanga kasi ya kikokotoo. Fundi aliing'oa, akaweka nyingine ndogo zaidi. Alipokuwa akiyeyusha risasi ya kuunganishia alitamka maneno anayoiambia kila mashine, mzaha wake tangu aanze kazi: "Wewe uliyemo humo, amka ukimbie. Chakula utakula kwa mwenye mali." Alimaanisha betri.

Jumatano, mbele ya darasa, mwalimu aliandika mlinganyo wa mstari mnyoofu. Kioo kilichora vilele vyembamba, vimepangana kwa nafasi sawa, vikisogea kushoto bila kukoma. Vitufe vilinuka nywele zilizoungua. Alikizima, hakikuzimika. Alitoa betri zote nne, akazipanga mezani. Vilele viliendelea.

Alhamisi saa nane mchana alikuwa ameketi sebuleni kwa kaka yake. Mke wa fundi, ambaye ni muuguzi, alimshika kifundo cha mkono.

"Wifi, umetoka kukimbia?"

"Nimekaa hapa tangu saa sita."

Muuguzi alihesabu akitazama saa yake, na fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kikokotoo mkononi, aliona kwamba kila midomo ya mkewe iliposogea kutaja namba kilele kimoja kilitokea kwenye kioo, akasikia kwamba ndani ya plastiki, mahali ambapo yeye mwenyewe alijua hapana kitu kinachoweza kusogea, kitu kama ukucha kilikuwa kinagonga kwa mwendo uleule, polepole kikihamia upande wa kidole chake.

"Mia moja na arobaini na nne," alisema muuguzi. Ijumaa asubuhi, walipotoka hospitali, alimwambia mumewe: "Hata usiku akilala ni hivyo hivyo. Hospitali wamepima, hawaoni ugonjwa. Lakini moyo hauvumilii hivi siku nyingi, baba watoto. Utasimama."

Fundi alirudisha kapasita ya zamani. Mapigo hayakupungua hata moja.

Adhuhuri hiyo walimwita mtabibu wa majini, bibi mmoja mwenye miwani minene. Hakufukiza kitu. Alikinusa kikokotoo, akakiweka chini.

"Nani alimwamsha?"

"Nilikuwa natania, bibi," alisema fundi.

"Yeye hajui utani. Ulimwambia akale wapi?"

Mwalimu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Kwa mwenye mali. Kwangu."

"Basi yuko mezani kwa mwenyeji wake. Kumfukuza siwezi, amealikwa. Aliyemwalika anaweza kumhamisha. Hatakubali kuhamishiwa kwa mtu mwingine ila kwa huyo aliyemwalika."

"Kaka, usifanye," alisema mwalimu. "Una watoto."

"Na wewe una nini, viatu?" Fundi alijaribu kucheka. "Tulia. Umeshakuwa kama cherehani."

Mkewe alimtazama. Aliendelea kushika mkono wa wifi yake.

Fundi alikifungua kikokotoo, akaweka kidole gumba juu ya bodi tupu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Njoo ule kwangu." Ukucha uliacha kugonga. Kioo kilikuwa cheupe kwa muda wa pumzi moja, na harufu ya nywele zilizoungua ilipita kati yao ikielekea upande wa fundi, kisha vilele vikarudi.

"Themanini," alisema muuguzi, akiwa bado na mkono wa wifi yake. Baadaye: "Sabini na nne."

Mwalimu alilala palepale kwenye kiti.

Jumatatu alirudi darasani. Siku hiyohiyo, saa tatu asubuhi, muuguzi alihesabu mapigo ya mumewe mara mbili, yakawa mia moja na arobaini na nne. Fundi alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaenda kufungua karakana.