Safu ya Maelezo

Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, na jua jepesi lilikuwa limechomoza juu ya Nakuru baada ya siku mbili za mvua. Ephantus alikuwa akinywa chai na shemeji yake Kipkirui, fundi wa nyaya za umeme. Chepngeno, mke wa Ephantus na dada wa Kipkirui, aliwakatia mkate.

"Leo napelekwa Subukia," Kipkirui alisema. "Sijawahi kupanda nguzo za huko. Lakini ile ramani yenu mpya iko tayari, sivyo shemeji?"

"Iko, na haina doa. Wewe panda tu. Ila hilo tumbo ndilo sijui litapanda namna gani."

"Uliza dada yangu. Chai yake ndiyo imelilea."

Chepngeno alicheka, akamwongezea kikombe.

Ndugu wasomaji, doa lilikuwepo, na aliyelifunika ni Ephantus mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu zinazogeuza fomu za mafundi kuwa ramani ya umeme ndani ya kompyuta. Chumba cha udhibiti huitazama ramani hiyo kabla ya kuzima laini au kuiwasha. Wiki mbili nyuma, programu ilikataa fomu mia tatu na kumi na mbili za Subukia. Mafundi wa zamani hawakuzoea visanduku vya kuchagua. Mambo mazito waliyaandika kwa mkono, chini kabisa, kwenye safu ya maelezo. Ephantus alitakiwa kukabidhi kazi Ijumaa. Aliandika amri fupi: safu ya maelezo ifutwe, na kisanduku kitupu kijazwe "umeme wa upande mmoja", yaani nguzo inapata umeme kutoka laini moja tu.

Wangare wa chumba cha udhibiti alipita akaona.

"Hizo fomu umezisoma?"

"Zote? Wale wazee wanaandika barua, Wangare. Sikia hii: 'Nyuma ya duka la Mama Jebet, ng'ombe mkali.' Sasa kompyuta ifanye nini na ng'ombe?"

Wangare alicheka, akaenda zake. Ukaguzi ukapita. Skrini ikawa kijani.

Turudi Jumanne ile. Saa tano, Kipkirui alizimiwa laini ya bondeni. Alipima waya, akaukuta umekufa. Alikuwa bado anaufunga waya wa kupeleka umeme ardhini wakati Wangare alipotakiwa kurudisha umeme kwenye laini ya kiwanda cha kahawa, iliyokuwa imezimika kwa mvua. Aliitazama ramani. Ilimwonyesha kwamba laini hiyo haifiki kwenye nguzo ya Kipkirui. Akaiwasha.

Simu ya ajali ilipoingia ofisini, Ephantus hakuinuka. Alifungua fomu za zamani, akatafuta namba ya nguzo. Mwandiko ulikuwa wa fundi mstaafu, Mzee Kiplimo: "Nyuma ya duka la Mama Jebet, ng'ombe mkali. Nguzo hii hupata umeme pande mbili. Zima na ya kahawa pia, tafadhali."

Siku ile alikuwa ameishia kwenye ng'ombe.

Jioni, Ephantus alipomweleza habari za fomu, Chepngeno alimuuliza jambo moja.

"Ulimwambia apande tu. Ulikuwa umesoma?"

"Nusu."

"Nusu," Chepngeno alisema. Kikombe cha kaka yake kilikuwa bado mezani. Hakukiosha.

FUNZO

Kila neno tunalolifuta liliandikwa na mtu aliyesimama mahali, akaona jambo, akajali wenzake. Tusilolijua tuliandike kuwa hatulijui. Anayejaza pengo kwa kubahatisha ili amalize kazi mapema humtwika mwingine kosa lake, na huyo mwingine huenda yuko juu ya nguzo.

Kipkirui alizikwa Jumamosi, kwao Londiani. Mzee Kiplimo alikuja mazishini, akauliza kama fomu yake ilipotea njiani. Wangare aliacha kazi. Chepngeno alibaki kwa mama yake. Ephantus alirudi ofisini, akazisoma fomu zote mia tatu na kumi na mbili, mpaka neno la mwisho. Alikuta maonyo mengine kumi na saba.