Redio ya Kabemba na Kipande cha Shaba

Kila asubuhi Kabemba alipanguza teksi yake kabla hajanawa uso. Mkewe Valérie, aliyekaanga mikate ya kuuza pale mlangoni, alimtazama na kucheka.

"Ile motokari njo itakupikia bukari?" alimuuliza.

"Inapika kila siku," alijibu Kabemba. "Bukari ya hii nyumba, nani analeta?"

Alisema kweli. Teksi hiyo ndiyo iliyowaletea bukari, yaani ugali wao. Lakini wiki ile Kabemba aliipanguza mpaka rangi ikalalamika, kwa sababu Mama Mukalay, mama yake Valérie, alikuwa njiani kutoka Musumba.

Katika ukoo wa Valérie, mwanamume haongei na mama mkwe wake uso kwa uso. Akiwa na neno, anampa mkewe, na mkewe analifikisha. Mwiko huo unaisha siku mama mkwe anapompa mkwewe zawadi kwa mkono wake mwenyewe. Kabemba alikuwa ameoa zamani, na hajapewa hata yai. Mama Mukalay alisema mkwe wake ni mtu wa haraka haraka, asiyesikiliza. Jambo hilo lilimuuma sana Kabemba.

"Safari hii ataniheshimu," alijiambia.

Basi akaenda soko la Manika, mjini Kolwezi, akanunua redio ya gari yenye kioo kikubwa. Kioo kilionyesha ramani ya barabara, na sauti ya mwanamke ilitaja njia kwa Kifaransa. Muuzaji alimshauri aipeleke kwa fundi wa umeme wa magari.

"Fundi ya nini?" alisema Kabemba. "Nyaya kidogo hizi, mi nishindwe?"

Karatasi ya maelezo aliitupa mezani, na Valérie akafungia mikate ya mteja. Kabemba alichukua waya wa manjano na waya mwekundu wa redio, akaziviringisha pamoja, akazipeleka moja kwa moja kwenye betri. Kisha akaisukuma redio mahali pake kwa nguvu zote. Ikawaka! Kabemba akacheza kidogo peke yake.

Kesho yake gari halikuwaka. Redio ilikuwa macho usiku kucha, ikanywa betri yote. Majirani walisukuma teksi mpaka jasho likawatoka, huku Kabemba akiwapungia mkono kutoka ndani.

Halafu fyuzi ya redio ikakatika. Fyuzi ni kile kipande kidogo kinachowekwa kwenye waya, ambacho watu wa Kolwezi hukiita fusible. Kabemba akaweka nyingine, ikakatika. Akaweka nyingine tena, nayo ikakatika. Akakasirika, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande kinene cha shaba, ambayo wao huiita mukuba.

"Valérie, shiye tuko batu ya Kolwezi," alisema. "Tunalala juu ya mukuba, tunaamuka juu ya mukuba. Mi nikose kakipande kamoya ka mukuba?"

Akaweka shaba mahali pa fyuzi. Redio ikawaka, na fyuzi haikukatika tena, kwa kuwa haikuwepo.

Mama Mukalay alifika akiwa amechoka na vumbi la safari, na kuku mweupe kwapani. Kabemba na Valérie walimpokea kwa teksi kwenye kituo cha mabasi, naye akaketi nyuma. Valérie aliketi mbele. Kabemba alikaza macho barabarani kwa adabu na kuondoa gari taratibu.

"Tournez à droite," ilisema redio, yaani kata kulia.

Mama Mukalay alishtuka. "Valérie, ule mwanamuke ni nani?"

"Ni mashini, mama. Anaonyesha njia."

"Bwana yako hajue njia ya kwake?"

Kabemba alikuwa na jibu zuri, lakini mwiko ulimfunga mdomo. Walipokaribia soko la Manika, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa garini. Moshi ukatoka chini ya redio. Kabemba akasimamisha gari na kuzima ufunguo. Moshi ukazidi.

"Valérie," alisema kwa sauti ndogo, "ambia mama ashuke."

"Mama, bwana yangu anasema ushuke."

"Muulize, ananifukuza juu ya nini? Nimefika sasa hivi!"

"Mama anauliza, unamufukuza juu ya nini?"

"Ambia mama kuko moshi!"

"Mama, anasema kuko moshi."

"Muambie ninauona. Mi siko kipofu."

"Continuez tout droit," ilisema redio, yaani endeleeni mbele.

Kabemba aligeuka mzima mzima. "Mama! Shuka! Sasa hivi!"

Hata kuku aliinua kichwa. Mama Mukalay alimtazama mkwewe machoni, akafungua mlango, akashuka. Kabemba naye alishuka. Aliona heshima yake yote imekwenda na moshi ule.

Mbuyu, jirani yao, alikuwa na gereji ya umeme wa magari hapo kando ya soko. Mama huyo alijulikana kwa kazi nzuri na kwa sauti inayosikika mtaa wa pili. Alikuja mbio na spana, akafungua boneti, akautoa waya mweusi wa betri. Redio ikanyamaza na moshi ukapungua. Kisha akainama ndani, akatoka na kipande cha shaba.

"Nani aliweka hii mukuba hapa?"

Kabemba alimtazama kuku.

"Tata Kabemba, nasema na weye!" alipaza Mbuyu. "Fusible iko mulinzi. Umeme ukizidi, yeye anakufa, motokari inapona. Mukuba haikufe. Inapitisha tu, mupaka waya inaungua."

Akaichomoa redio. Waya wa manjano ulikuwa umebanwa na chuma nyuma yake, ngozi imechubuka.

"Ona! Waya inagusa chuma. Fusible ilikuwa inakuambia kuko ubaya. Weye ukaifunga kinywa."

"Sasa tufanye namna gani?" aliuliza Kabemba kwa unyonge.

"Kwanza, usiguse waya yoyote kabla ya kutoa ile nyeusi ya baterie." Mbuyu akaushika waya wa manjano. "Hii inaenda ku baterie, na fusible inakaa karibu na baterie." Akaushika mwekundu. "Hii inafuata ufunguo. Ukizima motokari, redio nayo inalala." Akaushika mweusi. "Hii unaifunga ku chuma safi ya motokari. Lakini redio hazifanane zote. Soma karatasi. Iko wapi?"

"Ilifunga mikate," alisema Valérie.

Mbuyu akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akabadilisha nyaya zilizoungua, akafunika kila kiungo vizuri na kuweka fyuzi mpya.

"Ikikatika, weka ya namba ile ile," alionya. "Ikikatika tena, usiongeze namba. Tafuta ubaya, ao kuya kwangu."

Toka siku hiyo gari liliwaka kila asubuhi na majirani wakapumzika. Lakini Mama Mukalay hakusema lolote juu ya ule ukelele, na Kabemba hakulala vizuri.

Siku ya kurudi Musumba ikafika. Mama Mukalay alisimama mbele ya teksi, kuku wake kwapani.

"Valérie," alisema, "uliza bwana yako, fusible iko?"

Valérie alifungua mdomo, lakini mama yake akamzuia kwa mkono. Akamgeukia Kabemba mwenyewe.

"Kabemba. Fungula, nione."

Kabemba akafungua boneti. Mama Mukalay akainama, akaangalia fyuzi, akatikisa kichwa kukubali.

"Ile siku ulinipigia kelele," alisema. "Kwetu ile ni haya kubwa. Lakini kama ungengoya Valérie apeleke maneno, ningeungua na kuku yangu. Kamata."

Akamkabidhi kuku kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga Kabemba, na hakuyaficha. Akamfungulia mama mkwe mlango wa mbele.

Wakaondoka. "Tournez à gauche," ilianza redio, yaani kata kushoto.

"Na weye nyamaza," alisema Mama Mukalay. "Leo naongea na mukwe yangu."