Ombi Lako Limepokelewa

Walimkuta mzee kwenye kiti chake karibu na dirisha, saa moja asubuhi, mtungi wa oksijeni ukiwa mtupu ubavuni na simu mapajani. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, na mapafu yake yalishachoka miaka mingi. Inspekta aliyeitwa pale hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, kwa hiyo alijipa shughuli ya kuikagua simu. Ukurasa wa kampuni inayosambaza mitungi ulikuwa bado wazi: "Asante. Ombi lako limepokelewa."

Mjane alieleza kwamba mumewe alituma ombi mchana wa jana, akarudia jioni. Yeye alitaka kupiga simu kama walivyozoea, mzee akamkataza. Fomu ile ya tovuti ilikuwa mpya, na aliyeitengeneza ni mtoto wao wa pekee, fundi wa kompyuta wa kampuni hiyo hiyo. Kijana mwenyewe alikuwa jikoni, kompyuta mapajani, macho mekundu, akisema anawaarifu wenzake kazini. Inspekta alimpa pole na kumwacha.

Basi nani alilikalia ombi? Kijana hakumung'unya maneno. Fomu ikijazwa, programu huigeuza kuwa baruapepe ikamfikia karani wa maombi, na binti huyo alikuwa amekwaruzana na mzee wiki iliyopita. Kabla jua halijazama, karani alikuwa ndani.

"Tulikwaruzana, sikatai," alisema alipohojiwa. "Aliniita mvivu, nami nikamjibu ovyo. Lakini ombi lake sikuliona, afande."

"Hukulifuta?"

"Ningelifuta lingeonekana kwenye takataka. Fungueni mwone."

Walifungua, hawakuona kitu. Dereva wa mitungi naye alibanwa, ikabainika kwamba huenda anakotumwa tu. Mkuu wa kituo alisema karani ni mjanja, kafuta na alama. Inspekta hakuafiki. Alirudia kusoma baruapepe za wateja wengine mpaka akagundua kwamba kila moja ilikuwa na anwani ya baruapepe ya mtumaji. Siku ya nne alimpigia mjane kumuuliza anwani ya marehemu.

"Mzee wangu?" Mjane nusura acheke. "Hakuwa nayo. Hapo alikuwa anaruka, anaandika jina na nyumba yetu."

Inspekta alikaa mezani kwake akaijaza fomu kwa simu yake, akakiruka kisanduku cha baruapepe. Maandishi mekundu yakatokea: "Ombi halijatumwa. Jaza baruapepe." Mzee angeambiwa hivyo, angepiga simu na angekuwa hai. Yeye aliambiwa asante, tena mara mbili. Kwa hiyo ukurasa ule ulikuwa umebadilishwa baada ya kifo, na moyo ulimuuma Inspekta kwa sababu alishajua ni nani mwenye uwezo wa kuubadilisha.

Alimkuta kijana sebuleni na mama yake. Waombolezaji walikuwa wameshaondoka. Aliwaonyesha simu mbili, ya marehemu na yake.

"Nieleze, mdogo wangu," alisema.

Kijana hakubisha. Alisema taratibu kwamba meneja hakupenda wateja waone maneno ya hitilafu, akaagiza yaondolewe. Yeye akaweka mstari mmoja unaoiambia programu kwamba likitokea kosa lolote iliruke na kuendelea. Bila anwani ya mtumaji barua haikutoka, lakini programu iliruka hapo ikashuka chini kutoa shukrani. Alikusudia kurudi kuitengeneza vizuri, kazi zikamzonga.

"Ulirudi lini?"

"Asubuhi ile, pale jikoni. Niliiona simu ya baba nikaelewa."

"Ukaufuta mstari mimi nikiwa palepale nakupa pole. Kisha ukamtaja karani."

"Ningemwambia nini mama?"

Mama aliichukua simu ya mumewe, akasema kwamba baada ya kulituma lile ombi la jioni, mzee alimgeuzia kioo aone. "Akaniambia, 'Tulia, mke wangu. Hii ni kazi ya mwanao, imeshanijibu.' Akakaa kuwasubiri wa mitungi."

Kijana alijifunika uso akalia kwa sauti. Inspekta naye machozi yalimlengalenga, na hakujali ni nani anamwona.

"Ya mashine ningekusamehe," mama alisema. "Wewe ulikosea, hukumkusudia baba yako. Lakini siku nne umekula chakula changu, na unajua binti wa watu yuko ndani bure."

Aliiweka simu mezani, akamgeukia Inspekta. "Mchukue," alisema. "Na umtoe yule binti, mama yake naye hajalala."