Kilio cha Kuigiza Kisiwani Itambo

Lugano wa Chimala alikuwa kijana wa maneno mengi, na maneno ndiyo yaliyomlisha. Alitembeza wageni: leo milimani, kesho kisiwani Itambo, kile kilima kilichozungukwa na maji ya kinamasi cha Ihefu. Ijumaa ile alimbusu mwanawe mchanga, akamwambia mkewe, Happy, "Jumapili tunabatiza. Kesho jioni nipo." Akaondoka akipiga mluzi.

Watu wa Itambo hawakumpenda, wala hawakumficha hilo. Aliwapanga kama vyombo: wewe twanga, wewe cheza, nyie tabasamuni. Jumamosi mchana, wageni waliposhuka kutoka kilimani, akawaambia akina mama kwamba sasa wageni wanataka kuona kilio.

"Msiba uko wapi?" aliuliza Alinanuswe, kiongozi wa kikundi chao cha ngoma.

"Hakuna msiba, mama. Mnaigiza tu."

"Kilio lazima kiwe na mtu. Tunamlilia nani?"

Lugano akacheka. "Nililieni mimi! Si nipo hapa, mzima wa afya?"

Wale wanawake wakatazamana. Alinanuswe akasema taratibu, "Kajitaja mwenyewe. Wote mmesikia?"

"Tumesikia."

Wakajifunga viunoni kamba za ganda la mgomba, alama ya wafiwa, wakaanza. Loo, walilia! Jua linawaka, wageni wanarekodi kwa simu, kilio kinapanda. Wakamtaja marehemu mama yake. Wakataja kovu la pajani mwake, ambalo Happy peke yake ndiye aliyelijua. Wakauliza mtoto atabatizwa mbele ya baba yupi. Lugano akajipenyeza katikati yao.

"Basi, mama zangu. Inatosha."

Hakuna aliyemwangalia. Walimaliza kwa wakati wao, wakanawa mikono, wakaenda zao kupika.

Akamsalimia Alinanuswe; mama yule akaendelea kuchochea moto. Akawaita wageni wake. Wakampita wakiulizana kiongozi wao kaenda wapi. Saulo, mwenye mtumbwi, akawapakia, akausukuma kwa mti wake mrefu, akaondoka. Lugano alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Akaingia majini kwa miguu. Matete yakamchana. Tope likamvuta. Lakini mbele ya macho yake alimwona mwanawe tu, na hilo ndilo lililomtoa. Jumapili asubuhi alifika Chimala akichuruzika maji, akakimbilia kanisani. Happy alikuwa amesimama mbele na mtoto. Lugano nusura aangue kilio kwa furaha.

Mchungaji akauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Nipo hapa!"

Happy hakugeuka. Juu ya kitenge chake, kiunoni, palikuwa na kamba ya ganda la mgomba.

"Alifariki, mchungaji," alinong'ona. "Jana, kule Itambo."

Lugano akamshika mkono. Akamtikisa. Akamwita. Watu wakainamisha vichwa kumwombea marehemu.

Mtoto tu ndiye aliyegeuka. Akamtazama baba yake, akacheka, akanyoosha mikono.

"Mnampa jina gani?"

"La baba yake," akajibu Happy.

"Lugano, nakubatiza..."

Maji yakamgusa kichwani. Mikono ya mtoto ikashuka. Macho yake yakapita pale aliposimama baba yake, yakaenda kutua ukutani.

Nyumbani, Happy alipomvua mtoto gauni la ubatizo, alikuta kamba nyembamba imemzunguka kiuno. Aliuliza ndugu na majirani, kila mtu akaapa hakuifunga. Ilikuwa mbichi, na ilinuka tope la Ihefu.