Aliyelitaja Neno Letu Getini

"Babu, mbona umemfuata tena? Si umemtuma mtu? Ameshamchukua!"

Nikasimama pale getini kama nimepigiliwa msumari.

"Nani kamchukua nani?"

"Mjukuu wako. Hata robo saa haijapita. Kaka mmoja, ana gari dogo la kijivu. Kasema wewe umelazwa hospitali."

"Nimelazwa? Mwalimu, si huyu nimesimama mbele yako, futi ya kupimia iko shingoni!"

Mwalimu wa zamu akageuka kutazama barabarani.

"Lakini babu... alilitaja neno. Lile neno lenu la siri. Nilimuuliza, akalitaja bila kukwama. Na mtoto mwenyewe akaitikia, akasema ndilo hilo."

Jamani...

Neno lile tulikuwa tunalijua wawili tu duniani. Mimi na mjukuu wangu.

Na wa tatu mmoja. Ambaye roho yangu ilimkataa tangu siku ya kwanza.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkapotea.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, kuandika nimejifunzia kwenye vipimo vya wateja. Kwa hiyo sentensi zikipinda mnivumilie, na zile zilizonyooka ujue kanyoosha simu.

Mnaonifuata humu siku nyingi mnajua nina mjukuu. Mama yake, binti yangu wa mwisho, anafanya kazi mbali, mtoto nalea mimi. Umri wake siku hizi siusemi, lakini mdomo wake ni wa mtu wa miaka arobaini. Ukikosea kutandika kitanda unaambiwa.

Sasa mwaka huu serikali ikashikana mikono na kampuni moja ya simu. Serikali ikatoa ukumbi, pamoja na askari wa dawati la watoto. Kampuni ikatoa vishikwambi ishirini, bando, na mwalimu. Wenye vituo vya mafuta nao wakajiunga, wafanyakazi wao wakafundishwa kutupia jicho watoto wanaotafutwa. Kazi kubwa ni moja: kutufundisha usalama wa mtandaoni, wakubwa na watoto darasa moja. Kila Jumatano alasiri.

Jirani yangu seremala aliposikia alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Serikali na kampuni wamekaa meza moja? Fundi, ukiona hivyo ujue chakula ni wewe!"

"Wanafundisha bure."

"Bure! Hata panya mtegoni anapewa nyama bure."

"Wewe kila kitu unakipinga. Hata mvua ukiulizwa utasema imetumwa."

Tukacheka. Lakini maneno yale yaliniingia, yakatafuta kiti yakakaa.

Kwa hiyo nikaanza kumtazama yule mwalimu wa kampuni kwa jicho la pembeni. Kijana mrembo mrembo, waya masikioni, anacheka na kila mtu, jina la kila mtoto analo kichwani. Mimi namwita Bwana Mdogo. Nikajiuliza, huyu majina ya watoto wetu anayashikia nini?

Jumatano moja Bwana Mdogo akatuambia kila nyumba ichague neno la siri. Mtu yeyote akija kumfuata mtoto, aulizwe neno. Halijui? Mtoto haondoki.

Mjukuu wangu akaninong'oneza sikioni. Nikacheka mpaka machozi. Tukalichagua hilohilo.

Bwana Mdogo alikuwa nyuma yetu, ameinama anachomeka kishikwambi. Akasema, "Babu, hilo kali. Hilo hata mchawi halipati."

Alilisikia!

Haya, turudi getini.

Ukumbi uko nyuma ya shule. Nilikimbia, wenzangu, magoti haya yanayolalamika nikienda sokoni siku ile hayakusema kitu. Seremala aliniona napita bila kandambili moja, akaokota nyundo akanifuata bila hata kuuliza.

Haikuwa siku ya darasa, lakini Bwana Mdogo alikuwa anapanga viti vya kikao na yule askari wa dawati la watoto, mama mmoja mtu mzima, mpole. Nikamkwida kola.

"Yuko wapi mjukuu wangu?"

"Babu, taratibu..."

"Neno lilikuwa kwetu na kwako! Umelipeleka wapi?"

"Neno gani babu?"

"Usinichezee wewe mtoto!"

Kola ikachanika. Seremala nyuma yangu anapaza sauti: "Nilisema! Nilisema mimi!"

Yule askari mama hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu, akautoa kwenye shingo ya yule kijana, kidole kimoja kimoja.

"Mzee. Hasira tutazikuta baadaye. Gari rangi gani?"

"Kijivu. Dogo."

"Mtoto kavaa nini?"

"Sare."

"Sare wamevaa wote, mzee. Nipe kitu chake peke yake."

Hapo ufundi ukanijia. "Sketi ya bluu, marinda manane. Wiki iliyopita niliushusha upindo wa chini, kakua. Mstari wa upindo wa zamani unaonekana, umekoza kuliko kitambaa."

Akaandika. Akatuma kwenye kundi lao, lile la polisi, kampuni na vituo vya mafuta, ujumbe mmoja ukaenda kote. Halafu akawapigia wakubwa zake.

Bwana Mdogo, kola inaning'inia, akaninyooshea mkono.

"Babu, nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe tu babu yangu."

Nikampa. Akafungua ukurasa wangu, huu huu mnaousoma. Akapandisha kidole... akapandisha... akasimama.

Uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika!

Akanigeuzia kioo.

Alhamisi, saa mbili asubuhi. Picha yangu na mjukuu, tumeshika cheti cha darasa. Chini yake maneno yangu mwenyewe:

"Jana tumefundishwa usalama. Sisi neno letu la siri ni KIFUNGO CHA SABA hahaha! Shati ninaloshona lina vifungo sita, mwizi atahesabu mpaka achoke. Na nyie ndugu zangu chagueni la kwenu, tulinde watoto."

Laiki mia tatu na kumi na mbili.

Nililiposti mimi.

Kwa furaha! Nilitaka na nyie mjifunze!

Maoni ya kwanza kabisa yalikuwa ya mtu anayejiita Mjukuu wa Kwanza. Picha yake ni ua. Mnamkumbuka. Kila nikiandika yeye ndiye wa kwanza, shikamoo haimpiti. Nilikuwa nampenda bure.

Aliandika: "Hongera babu. Umetufundisha kitu."

Bwana Mdogo akaanza kunisomea mengine, polepole, kama anasoma majina msibani.

"Babu, lile jino limeshatoka?"

Nikajibu: Bado mwanangu, linacheza tu.

"Mvua hii anarudi na nani shuleni?"

Nikajibu: Namfuata mwenyewe. Jumatatu tu ndiyo huwa nachelewa, wateja wengi.

"Mama yake hajaja likizo?"

Nikajibu: Mpaka mwisho wa mwaka.

"Hiyo gauni ya sikukuu nzuri babu. Anavaa saizi gani siku hizi?"

Na hilo nikajibu! Na inchi nikaweka!

Miezi saba, jamani. Kaswali kamoja kamoja, kwa adabu. Yule mtu hakuvunja mlango wala dirisha. Nilimchukulia vipimo vyote kwa mkono wangu, nikamkunjia, nikamkabidhi.

Na siku ile ilikuwa Jumatatu.

Seremala akaishusha nyundo.

Tukakaa kusubiri. Simu ya askari mama iko mezani, katikati yetu. Nje watoto wa watu wanarudi nyumbani, wanacheka, wanapigana na mabegi. Nikiona sketi ya bluu inapita moyo unaruka, nikiona si yeye unaanguka. Dakika hamsini na mbili.

Ikaita.

Kituo cha mafuta cha mwisho kabisa, kule barabara inakotokea nje ya mji.

Dada muuza mafuta alikuja kunisimulia mwenyewe. Gari la kijivu liliingia, ujumbe ameshausoma. Lakini magari ya kijivu yako mangapi? Akaanza kujaza.

"Dada fanya haraka, tuna mgonjwa."

"Kaka yangu, pampu imekwama. Dakika mbili tu."

Haikukwama. Aliizima yeye.

Akachukua kitambaa, akajifanya anafuta kioo cha nyuma. Mtoto kakaa kimya, mikono mapajani. Sketi ya bluu. Na mstari wa upindo, umekoza, kama nilivyosema.

"Mtoto mzuri, unaenda wapi?"

"Kwa babu. Hospitali."

Hospitali iko upande wa pili wa mji!

Yule dada akawakonyeza wenzake. Mmoja akaviringisha tairi mpaka mbele ya gari, mwingine akaegesha pikipiki kwa nyuma, kama mtu asiye na haraka. Yule bwana akawatazama. Akamtazama dada. Dada anasema hata leo, yule bwana alimtabasamia.

Kisha akafungua mlango akakimbia. Akavuka mtaro, akapotelea kwenye watu wa sokoni. Hakushikwa.

Namba za gari zilikuwa za bandia. Kiti cha mbele aliacha mfuko. Ndani yake nguo mpya za mtoto, si sare. Saizi yake kabisa. Na mkasi wa kunyolea nywele.

Mimi ni fundi. Nilizishika zile nguo nikajua alizinunua kwa inchi zangu.

Mjukuu wangu alipoletwa alinitazama juu mpaka chini.

"Babu, kumbe huumwi?"

"Siumwi."

Nikampakata, nikamkumbatia. Akaniacha nimkumbatie, halafu akaliuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Sasa yeye neno letu alilijuaje?"

Ningeweza kudanganya. Bwana Mdogo alikuwa pale na kola yake, angenyamaza, nilimwona usoni. Lakini mtoto ametoka kudanganywa na mtu mzima siku hiyohiyo...

"Nililiandika mimi, mjukuu wangu."

"Kwenye simu?"

"Kwenye simu."

"Watu wote wakasoma?"

"Wote."

Hakulia. Akateremka magotini kwangu taratibu, akaenda kukaa kwa yule askari mama.

Wenzangu, nimezika mke, nimezika kaka. Ile ilikuwa aina nyingine.

Bwana Mdogo nilimshonea kola upya, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima, hata seremala alikuwepo, kajikunyata kiti cha nyuma. Kijana akasema, "Babu, hata mama yangu ameposti kadi yangu ya kliniki. Ndiyo maana tunarudi kila wiki." Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Sasa sikilizeni hili, nalo mlisikilize vizuri.

Wiki tatu baadaye simu ikalia ting. Ukurasa mpya, hauna picha, hauna jina la maana. Ujumbe wa faragha:

"Shikamoo babu. Mbona siku hizi hutuandikii? Jino limetoka?"

Niliiachia simu ikaanguka juu ya cherehani.

Simu nimempa askari mama nzima nzima, nikakaa siku kumi bila simu. Polisi wanatafuta, kampuni wanatafuta, kila mmoja na nusu yake ya kamba. Hawajampata bado.

Kwa hiyo mimi najua yumo humu. Anasoma posti hii pamoja na nyie. Labda kashatia laiki.

Marahaba, mwanangu. Jino sikwambii.

Na nyie wengine, mnisamehe, picha zote nimefuta. Jina, mtaa, shule, saa, njia, vyote sitasema tena. Hata hii niliyoandika walianza kuisoma askari mama na Bwana Mdogo, wakanifutia sehemu mbili. Nilikuwa nimeanza tena!

Mimi nilidhani mtu mbaya wa mtandaoni anakuja na matusi. Kumbe anakuja na shikamoo. Nilidhani kuwapenda watoto ni kuwaonyesha. Ukiwa na mtoto, mfurahie na waliomo chumbani. Anayekuuliza mtoto anatoka saa ngapi, muulize yeye anatakia nini. Na hao wanaokuja kufundisha wakifika mtaani kwenu, nenda, kakae mbele. Usifanye kama mimi niliyemchunga mwalimu wakati mlango niliuacha wazi mwenyewe.

Sasa hivi mjukuu wangu ana neno jipya. Muda wa kutoka tumeubadilisha. Askari mama alisema mtoto mwenyewe ndiye atachagua wa kuambiwa.

Alimwambia mama yake. Akamwambia na mtu mzima mwingine mmoja, simtaji.

Mimi sikuchaguliwa.

Kwa hiyo kila siku naenda shuleni, nasimama nje ukutani. Huyo mtu mzima anaingia, analisema neno kwa sauti ya chini. Mtoto anatoka. Anakuja kwangu, ananikabidhi begi lake, tunaondoka.

Jana nikajikaza.

"Mjukuu wangu... hata herufi ya kwanza tu?"

Akanitazama. Akafikiri, kweli kabisa alifikiri.

"Babu," akasema, "wewe beba begi."

Nikabeba.